Kaunti ikitaka kubomoa kota ijenge nyumba za bei nafuu: jinsi ya kuufuatilia uamuzi kabla mabati hayajasimama

Siku nambari za rangi zinapochorwa kwenye milango, uamuzi wa kubomoa kota huwa umeshatembea kwenye makaratasi kwa muda mrefu. Umeingizwa katika mpango wa maendeleo wa kaunti, kamati tendaji imeujadili, na si ajabu mwekezaji ameshapatikana. Mkutano wa hadhara huitishwa mwishoni, michoro ikiwa imeshachorwa, na wakaazi huulizwa maoni juu ya jambo ambalo hawajaonyeshwa hata karatasi moja yake.

Mwongozo huu ni wa wapangaji wa nyumba za kaunti nchini Kenya, pamoja na wafanyabiashara na majirani wa viwanja vya umma vinavyotengewa nyumba za bei nafuu. Haukufundishi kupinga mradi wala kuuunga mkono. Kota nyingi za Eastlands jijini Nairobi na zile za Mombasa ni za enzi ya mkoloni, mabomba yameoza na ardhi inaweza kubeba watu wengi zaidi. Swali ni nani atarudi, kwa bei gani, na hilo limeandikwa wapi.

Ardhi ni ya nani

Anzia hapa, kwa sababu ukikosea utapeleka barua ofisi isiyohusika na kupoteza miezi. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema sehemu ya ardhi ya umma inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wakaazi wake, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi (NLC) ndiyo inayoisimamia. Nyumba ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne, ingawa sera ya nyumba ni ya serikali ya kitaifa. Ndiyo maana miradi inayofanana kwa macho huamuliwa na watu tofauti kabisa. Nyumba 1,370 za Park Road, Ngara, ni mradi wa serikali ya kitaifa. Pangani ni kota ya kaunti iliyojengwa upya kwa ubia na kampuni binafsi. Buxton, Mombasa, vilevile: kaunti ilitoa ardhi, mwekezaji akaleta fedha. Muthurwa nayo ilikuwa mikononi mwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, na wapangaji wake walilazimika kuushtaki mfuko wenyewe.

Kwa hiyo fanya upekuzi rasmi wa ardhi. Unahitaji nambari ya kiwanja. Kama haimo katika mkataba wako wa upangaji, itafute katika daftari la uthamini la kaunti au katika ramani za upimaji zilizoko ofisi za Upimaji wa Kenya (Survey of Kenya), Ruaraka. Nairobi upekuzi hufanywa kupitia Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali ulioko mtandaoni. Kwingine, uliza kwanza masjala ya ardhi ya eneo lenu kama wanapokea maombi mtandaoni au kaunta. Majibu yakija, angalia jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, muda uliobaki kama ni ardhi ya kukodishwa, na kama kuna rehani au zuio.

Mambo mawili hujitokeza mara kwa mara. La kwanza, hati bado ina jina la baraza la zamani la jiji au manispaa, lililokufa serikali za kaunti zilipoanza mwaka wa 2013. Hilo halimnyimi mpangaji haki yake, lakini benki ya mwekezaji huenda ikagoma kutoa mkopo juu ya hati kama hiyo, na mnaweza kuhamishwa halafu kiwanja kikakaa kitupu. La pili ni baya zaidi: ukubwa ulioandikwa ni mdogo kuliko ulioko kwenye ramani. Kuna kipande kimemegwa. Ukiona hivyo, chukua nakala ya ramani na ya upekuzi, mwandikie NLC na kumpa nakala karani wa bunge la kaunti, kabla ya kuzungumza na yeyote mwingine.

Mahali hapo pakiwa ni uwanja wa michezo, soko au kiwanja cha shule, kuna hatua ya ziada ya kubadilisha matumizi ya ardhi. Na NLC ikitaka kuigawa ardhi ya umma kwa mtu au kampuni, Sheria ya Ardhi ya 2012 inaitaka itoe ilani kwa umma angalau siku 30 kabla.

Kalenda ambayo hakuna anayekuambia

Mradi wa kaunti hauwezi kutokea hewani. Lazima uwe umetajwa katika mpango wa miaka mitano wa kaunti, kisha katika mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha hufika kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, yapitishwe kabla ya Juni 30. Weka tarehe hizo nne kwenye simu.

Tafuta jina la mtaa wenu katika nyaraka hizo, na pia maneno ya jumla kama “uboreshaji wa makaazi ya mjini”, kwa sababu mitaa huwa imefichwa chini ya kichwa kimoja. Mpango wa Septemba ndio wa maana zaidi. Mtaa ukitajwa hapo, mna karibu mwaka mzima wa kujipanga. Mkisubiri Aprili, mnajadili shilingi tu.

Kama mradi ni wa ubia, bajeti inaweza isionyeshe fedha yoyote, kwa kuwa mchango wa kaunti ni ardhi yenyewe. Usidanganyike na safu yenye sifuri. Uliza thamani ya ardhi hiyo ilikadiriwa na nani, lini, na kaunti inapata nini badala yake.

Barua ya kuomba habari

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kujiongezea siku 14 mara moja tu. Kuomba hakulipiwi; gharama inayoweza kutozwa ni ya nakala. Ukinyimwa au ukipuuzwa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala (Ombudsman), na huhitaji wakili.

Barua nyingi hushindwa kwa kuomba “habari zote kuhusu mradi”. Afisa hujibu kwamba mradi bado unajadiliwa, faili inafungwa. Taja nyaraka moja moja. Hii hapa inatosha:

“Kwa Afisa wa Upatikanaji wa Habari, Idara ya Nyumba, Serikali ya Kaunti ya ____. Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala za nyaraka hizi kuhusu mtaa wa ____, kiwanja nambari ____: (1) uamuzi wa kamati tendaji ya kaunti kuhusu kuujenga upya mtaa huu, pamoja na tarehe yake, (2) azimio la bunge la kaunti, kama lipo, (3) tangazo la zabuni na ripoti ya kumchagua mwekezaji, (4) rasimu ya mkataba au mkataba uliotiwa sahihi, (5) ripoti ya uthamini wa ardhi, (6) orodha ya wapangaji inayotumiwa na idara, (7) idadi ya nyumba zitakazojengwa, kwa ukubwa, bei na kundi la kipato. Ikiwa waraka wowote haupo, naomba nijibiwe kwa maandishi kwamba haupo.”

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye meno. Kaunti ikiandika kwamba hakuna ripoti ya uthamini wala azimio la bunge, umepata ushahidi mzito kuliko ule ambao ungeupata kwa kupewa makaratasi yenyewe. Peleka nakala mbili za barua, moja ibaki ofisini, na yako ipigwe muhuri wenye tarehe ya kupokewa. Kaunta wakikataa kupiga muhuri, itume kwa barua pepe ya idara siku hiyo hiyo na kwa posta ya rejista. Bila tarehe, siku 21 hazina pa kuanzia.

Daftari la wapangaji

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza haki zao, kuliko kwenye mkutano, kuliko mahakamani. Fidia ya kuhama na nafasi ya kurudi hutolewa kwa jina lililoko kwenye orodha ya idara ya nyumba. Na orodha hizo zimechakaa. Utakuta jina la mzee aliyefariki, na wanawe wanaoishi humo hawajabadilisha kitu. Utakuta mpangaji rasmi amehamia kwake zamani, nyumba ameipangisha mtu mwingine kwa bei ya soko huku yeye akiilipa kaunti kodi ndogo ya zamani. Kuna nyumba zenye familia mbili, vibanda vya mabati vilivyoongezwa uani, kinyozi, mama mboga, na chumba cha ibada. Wote wanaishi kwenye ardhi hiyo, ila kwenye orodha ni jina moja.

Msingoje hesabu ya kaunti. Fanyeni yenu, mapema, na iwe safi kiasi kwamba afisa ataona raha kuitumia. Kila nyumba ichukue mstari mmoja wa daftari au jedwali la kompyuta wenye: nambari ya nyumba, jina la mpangaji rasmi na nambari ya akaunti ya kodi, jina la anayeishi humo sasa, uhusiano wao, mwaka alioingia, kodi anayolipa na kwa nani, malimbikizo, idadi ya watu, mgonjwa, mlemavu au mzee, biashara iliyopo na ukubwa wake. Nambari za vitambulisho zikae katika karatasi tofauti inayoshikwa na mtu mmoja mnayemwamini, maana orodha ya majina na vitambulisho ikizagaa kwenye WhatsApp hutumika kwa utapeli.

Watu wawili wazunguke pamoja, mmoja akiwa wa upande wa wapangaji rasmi na mwingine wa wapangaji wadogo, yaani waliopangishwa na mpangaji rasmi. Zungukeni jioni na Jumamosi, watu wakiwa nyumbani. Kila mpangaji asome mstari wake na kuutilia sahihi. Mkimaliza, bandikeni nambari za nyumba na majina tu mahali pa wazi kwa wiki mbili ili wenye pingamizi waseme, kisha pelekeni nakala kwa idara ya nyumba, mwakilishi wadi na chifu, zote zipigwe muhuri.

Wakati huohuo kila familia inyooshe mambo yake. Mpangaji rasmi akiwa amefariki, ombeni idara ihamishe upangaji: cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi, vitambulisho, na risiti za kodi. Kazi hiyo inachukua miezi, na kwa kawaida haitakubaliwa kukiwa na malimbikizo, basi afadhali mlipe au mwandikiane na idara mpango wa kulipa kidogo kidogo. Risiti za zamani za karatasi hufifia. Zipigeni picha leo.

Suala la mpangaji mdogo halina jibu la kupendeza. Kaunti humwona kama mtu asiyekuwepo, na mpangaji rasmi hana haraka ya kumtaja. Linaloweza kufanyika ni kuafikiana kabla fedha hazijaonekana: fidia igawanywe vipi, nani anabeba haki ya kurudi. Andikianeni mbele ya wakili au chifu. Fedha ikishaingia kwenye akaunti ya mtu mmoja, maafikiano hayo huwa magumu mara kumi.

Kinachopaswa kuwa ndani ya mkataba

Ahadi ya jukwaani haina thamani mbele ya mkataba uliotiwa sahihi kati ya kaunti na mwekezaji. Wapangaji si sehemu ya mkataba huo, na hilo ndilo tatizo. Ombeni mambo mawili: makubaliano yenu wenyewe na kaunti, kila mpangaji apate nakala yenye jina lake, na makubaliano hayo yawe kiambatisho cha mkataba mkuu, ili mwekezaji afungwe nayo pia.

Fidia ya kuhama ipigieni hesabu badala ya kupokea takwimu ya mtu. Chukua kodi halisi ya nyumba ya ukubwa kama wako katika mitaa ya karibu. Tuseme ni shilingi 15,000 kwa mwezi na ujenzi umepangiwa miezi 24: hiyo ni 360,000. Ongeza amana ya mwezi mmoja, 15,000, na lori pamoja na matengenezo madogo, 20,000. Jumla 395,000. Ujenzi ukichelewa mwaka mmoja, pengo ni 180,000, na ujenzi huchelewa. Kwa hiyo kifungu cha kuchelewa ni cha lazima: kila mwezi unaopita tarehe ya kukabidhi, mwekezaji alipe kodi hiyo hadi funguo zitolewe. Malipo ya kwanza yaingie kwenye akaunti kabla ya siku ya kuhama. “Tutalipa mkishatoka” ni kifungu cha kukataa.

Haki ya kurudi ina vipande vingi kuliko watu wanavyodhani. Mpangaji anarudi kama mpangaji, au lazima anunue? Anatengewa nyumba ya ukubwa gani, katika jengo lipi? Ana siku ngapi za kuthibitisha, na akikosa mkopo nafasi yake inakwenda kwa nani? Huko Buxton, nyumba za zamani zipatazo 500 zilibomolewa ili kupisha mradi wa zaidi ya 1,800, kesi zikafika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na ujenzi ukaendelea. Kuongezeka kwa nyumba hakumrudishi mtu yeyote kwenyewe. Kinachomrudisha ni bei.

Bei nayo ipigieni hesabu. Mfano: nyumba ya shilingi 2,000,000, umetoa amana ya asilimia 10, mkopo wa 1,800,000 kwa riba ya asilimia 9 kwa miaka 25. Malipo ya kila mwezi ni kama 15,100. Weka ada ya huduma ya 3,000 kwa lifti, maji, taka na askari: 18,100. Mtu asiyetaka kutumia zaidi ya theluthi ya kipato chake kwa nyumba anahitaji kupata karibu 54,300 kwa mwezi. Katika mtaa ambao familia nyingi zinaishi kwa 25,000, mnajua tayari ni wangapi watarudi, hata kabla ya kuanza kugawa.

Ndiyo maana neno “nafuu” lisipite bila kuulizwa. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inaweka makundi: nyumba za kijamii kwa wenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, nyumba za bei nafuu kwa wenye kipato cha kuanzia 20,000 hadi 149,000, na wanaozidi hapo wana kundi lao. Mwenye 22,000 na mwenye 140,000 wako kapu moja. Dai mkataba utaje idadi ya nyumba za kijamii kwa nambari, si kwa asilimia “itakayoamuliwa baadaye”, na utaje kuwa zitakabidhiwa pamoja na awamu ya kwanza. Mwekezaji akiachiwa uhuru, hujenga kwanza zinazouzika sokoni, na za kijamii husukumwa kwenye awamu ambayo huenda isije.

Halafu kuna maswali madogo ambayo watu huyasahau na baadaye huyalilia: ukubwa wa chumba kwa mita za mraba, mahali pa kuanika nguo, mita ya maji ya kila nyumba, kama jiko la kuni au makaa litapigwa marufuku, vioski vitakuwa wapi na kodi yake. Na hatimiliki: kila nyumba ipate hati yake chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020, na mkataba useme ni ndani ya miezi mingapi baada ya malipo kukamilika.

Kikao cha kuhusisha umma

Mkifika hapa mkiwa na majibu ya barua, daftari na hesabu, kikao ni chepesi. Mkifika bila hivyo, ni kelele.

Jihadharini na karatasi ya mahudhurio. Hupitishwa mapema, haina kichwa, na baadaye inaweza kuonekana kwenye faili kama ushahidi kwamba wakaazi waliukubali mradi. Kabla ya kusaini, andikeni juu ya kila ukurasa kwa kalamu: “Orodha ya waliohudhuria tu. Si idhini ya mradi.” Pigeni picha kila ukurasa. Anayepitisha akikataa, msisaini. Jazeni yenu na kumkabidhi mwenyekiti wa kikao mbele ya watu.

Maoni ya mdomo huandikwa na katibu kwa sentensi moja, kama yataandikwa. Nendeni na maoni ya maandishi, kurasa mbili au tatu, yenye madai yaliyopangwa kwa nambari, na myakabidhi hapohapo kwa kupigiwa muhuri. Sheria nayo haitaki watu kukubaliana na kila kitu ndipo kikao kiwe halali. Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya British American Tobacco dhidi ya Wizara ya Afya mwaka 2019, ilisema mahakama huangalia kama watu walipewa habari za kutosha na nafasi ya kweli ya kusema. Basi jengeni kumbukumbu kuhusu hayo mawili: tangazo lilitoka siku gani, nyaraka zilitolewa lini na kwa lugha gani, watu wangapi walizungumza, kikao kilichukua dakika ngapi. Mtu mmoja awe na kazi hiyo tu, asiseme neno.

Ombeni muhtasari wa mradi kwa Kiswahili angalau siku saba kabla. Mchoro wa rangi wenye miti na watu wanaotembea si muhtasari.

Ardhilhali kwa bunge la kaunti

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ardhilhali bungeni kuhusu jambo lolote lililo ndani ya mamlaka ya bunge hilo. Muundo wake una kanuni, kwa hivyo pata nakala ya kanuni hizo kwa karani kwanza. Kwa ujumla hutakiwa iandikwe kwa lugha ya heshima, isiwe na kufutafuta, ieleze kama mmeshajaribu kupata suluhu kwa ofisi husika na matokeo yake, iseme kama jambo liko mahakamani, imalizie kwa maombi bayana, na iwe na majina, nambari za vitambulisho na sahihi. Barua ile ya siku 21 ndiyo inayojaza sehemu ya “tulijaribu”.

Maombi yawe yale ambayo kamati inaweza kutekeleza: kumwita waziri wa kaunti wa nyumba, kuzuia azimio la kutoa ardhi hadi orodha ya wapangaji iafikiwe, kuambatanisha makubaliano ya kurudi. “Bunge lisimamishe dhuluma” haliwezi kutekelezwa na yeyote. Mwakilishi wenu wa wadi aipate kabla ya karani kuipokea, hata kama hamwelewani, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa na wenzake.

Mazingira na mipango, kwa ufupi

Mradi wa ukubwa huu unahitaji ripoti ya athari kwa mazingira kwa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na kibali cha ujenzi kutoka kaunti. Matangazo ya kutaka maoni hutoka kwenye magazeti na hutaja mwisho wa kupokea maoni. Soma tarehe hiyo kwanza. Hapa zungumzieni maji taka, maji ya kunywa, msongamano wa magari na nafasi za shule. Mfereji wa maji taka uliojengewa familia 200 hauwezi kubeba 1,500, na hoja hiyo NEMA huielewa kuliko hoja ya fidia. Kutoridhika na uamuzi wa mipango hupelekwa kwa kamati ya uhusiano ya mipango na matumizi ya ardhi ya kaunti, ndani ya siku 14. Leseni ya NEMA hupingwa kwenye Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal), ndani ya siku 60.

Notisi ya kuhama ikifika

Soma imetoka kwa nani, imetaja sheria gani, na inampa nani muda gani. Mpangaji mwenye mkataba anasimama juu ya masharti ya mkataba wake na juu ya Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015, inayotaka apewe ilani, sababu na nafasi ya kusikizwa. Wanaoishi au kufanya biashara kwenye ardhi ya umma bila mkataba nao si watu wa kufukuzwa usiku: marekebisho ya Sheria ya Ardhi ya 2016 yanataka ilani ya angalau miezi mitatu, kwa maandishi, kwenye Gazeti Rasmi, kwenye gazeti linalosambazwa nchini, na kwa redio. Wanaoendesha ubomoaji lazima wajitambulishe na kuonyesha idhini, na maafisa wa serikali wawepo watu wengi wanapoondolewa.

Mkiamua kwenda mahakamani, nendeni kabla ya tingatinga. Amri ya kuzuia ubomoaji haina kazi baada ya ubomoaji. Mahakama ya Juu, katika kesi ya Mitu-Bell dhidi ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege mwaka 2021, ilikubali kwamba wanaoishi kwenye ardhi ya umma wanaweza kuwa na haki ya makaazi inayolindwa, na kwamba mahakama inaweza kutoa amri za kusimamia utekelezaji hatua kwa hatua. Lakini majaji huuliza kwanza mlifanya nini kabla. Faili yenye barua zilizopigwa muhuri, daftari, maoni ya kikao na ardhilhali humsaidia wakili kuandika hati kwa siku mbili badala ya wiki tatu. Wasio na uwezo wanaweza kuanzia Kituo cha Sheria au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Wakati wa kugawa nyumba

Kujiandikisha Boma Yangu, mfumo wa serikali wa mtandaoni wa kuomba nyumba za bei nafuu, ni jambo moja, kuwa kwenye orodha ya wapangaji wa zamani ni jingine, na moja halichukui nafasi ya nyingine. Kukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya tozo ya nyumba hakukutengei nyumba. Fanya yote mawili, na hakikisha jina na nambari ya kitambulisho vinafanana herufi kwa herufi na vile vya idara ya nyumba. Tofauti ya herufi moja imetosha kumtoa mtu kwenye mfumo.

Anayekuja kununua “nafasi” yako kwa fedha taslimu kabla nyumba haijakamilika anakutafutia hasara mbili. Sheria ya 2024 inakataza kuuza nyumba hizi bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu, kwa hiyo muamala usio na idhini hiyo ni kinyume cha sheria, na jina lako litakuwa limeshatumika.

Siku ya kukabidhiwa, usitie sahihi ya kupokea kabla ya kufungua kila bomba, kuvuta choo, kuwasha kila swichi na kutazama dari ya bafu la juu yako kama inavuja. Andika kasoro kwenye fomu ileile ya makabidhiano, mkandarasi asaini, na uulize kipindi cha kurekebisha kasoro ni miezi mingapi.